UKUMBI WA SANAA: Mtoto wa nyoka ni nyoka?



Toleo lililopita ukumbi huu ulizungumzia majina ya kanga, na baadhi yenu mlituletea maneno ambayo hatujawahi kuyasikia. Tunashukuru sana. Safari hii tunakwenda sinema, tena sinema za zamani: picha za Kihindi za miaka ya 50, zile zilizowajaza watu kumbi za Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

Pengine utauliza, picha za Kihindi zina uhusiano gani na klabu ya Kiswahili? Uhusiano upo, na ni mkubwa. Katika nyumba nyingi za Waomani wanaosema Kiswahili, hapa Al Khoudh na kwengineko Maskati, yupo bibi ambaye akisikia sauti ya Mukesh au Lata Mangeshkar huacha anachokifanya akasikiliza. Kihindi hakijui, lakini wimbo anaujua mwanzo hadi mwisho. Sisi wajukuu tumezoea kumcheka. Leo tunaomba tuache kucheka, tuulize: mle ndani ya ukumbi alikuwa akiona nini hata kikamkaa moyoni zaidi ya miaka 60?

Mji wenye kumbi tatu

Unguja ilipata jumba lake kubwa la mwanzo la sinema mwaka 1921, pale Vuga. Liliitwa Royal, na ramani yake ilichorwa na John Sinclair, yule yule aliyechora majengo mengi ya serikali mjini. Baadaye likaitwa Majestic. Liliungua moto mwanzoni mwa miaka ya 50 na likajengwa upya mwaka 1955. Darajani palikuwa na Empire, na mwanzoni mwa muongo huo ikafunguliwa Sultana. Mji mdogo ule, ambao mtu huweza kuuzunguka kwa miguu, ulikuwa na kumbi tatu za sinema.

Picha zilitoka kila pembe ya dunia. Zilikuwepo za Marekani, za kaboi na za mapigano ya panga. Zilikuwepo za Misri, ambazo wazee wetu walizipenda kwa ajili ya sauti za Umm Kulthum, Mohammed Abdel Wahab na Farid al-Atrash, na ambazo ziliacha alama kubwa katika upigaji wa taarab. Lakini picha iliyotoa watu majumbani, wazee kwa watoto, ilikuwa ya Kihindi. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania, *Reel Pleasures* (2018), ameeleza jinsi picha za Kihindi zilivyozishinda za Hollywood pwani yetu: ukumbi ukijaa pomoni, na tiketi zikilanguliwa nje kwa bei ya juu. Palikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mama, shangazi na wari waliweza kukaa, kulia na kucheka bila ya jicho la mwanamme.

Jambo hili si la kupita hivi hivi. Wengi katika watazamaji wale walisoma chuoni na kujua Kiarabu kidogo, na waliokwenda skuli walijua Kiingereza kidogo. Kihindi hakuna aliyefundishwa. Kwa nini basi waliichagua picha ambayo lugha yake hawakuisoma?

Kaboi hana mama

Sababu ya kwanza ni hadithi yenyewe. Kaboi wa Kimarekani hana mama wala mjomba. Anaingia mjini peke yake juu ya farasi, anapiga watu risasi, anaondoka peke yake. Kijana wa Malindi au wa Ng'ambo aliweza kumfurahia kwa saa mbili, lakini hakuweza kujiona ndani yake. Stelingi wa Kihindi, kinyume chake, ana mama anayemlilia, baba anayemwogopa, jirani anayesema, deni lisilolipika, na msichana ambaye wazee wake hawataki kumsikia. Hayo ni mambo ya mtaani kwetu. Hata namna ya kunyamaza mbele ya baba ilikuwa ile ile.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa sisi wanafunzi wa lugha tutulie kidogo. Ni kweli hawakujua Kihindi, lakini hawakuwa viziwi. Katika picha hizo mtu akisema *duniya*, Mswahili amesikia dunia. Akisema *waqt*, ni wakati. *Khabar* ni habari, *kitab* ni kitabu, *zulm* ni dhuluma, *insaf* ni insafu. Maneno haya yalitoka Kiarabu, mengine yakapitia Kiajemi, yakaingia Kihindi na Kiurdu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Ongeza na yale tuliyoyachukua kutoka Bara Hindi moja kwa moja: gari, laki, bima, dobi, chapati. Mtazamaji makini alishika neno moja hapa na jengine pale, akaongeza uso wa Nargis na machozi yake, na hadithi ikakamilika. Pale alipokwama, kulikuwa na jirani wa Kihindi wa kumfafanulia, ama katikati ya picha ama kesho yake dukani.

Awara: kesi ya nasaba

Ukituuliza picha moja iliyotia fora katika muongo ule, tutasema *Awara*. Raj Kapoor aliitengeneza mwaka 1951, na katikati ya miaka ya 50 pwani yetu ilikuwa imekwisha kuiona, kuirudia na kuikariri. Haikuwa pwani yetu tu: Warusi waliipenda, Waturuki waliipenda, na wimbo wake mkuu ulioimbwa na Mukesh ulizunguka nusu ya dunia. Awara ni mzururaji, mtu asiye na kwao. Wengi tunajua wimbo. Hadithi tumeisahau, na hadithi ndiyo yenye uzito.

Kuna hakimu mmoja mkubwa, Raghunath. Ana imani moja asiyoitilia shaka: mtoto wa mtu mwema atakuwa mwema, na mtoto wa mwizi atakuwa mwizi. Kwa imani hiyo alimtia hatiani kijana aitwaye Jagga kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu tu baba yake na babu yake walikuwa wahalifu. Jagga anatoroka, anakuwa jambazi kweli, na kwa kulipiza kisasi anamteka mke wa hakimu, Leela. Anapojua kwamba ana mimba anamrudisha bila ya kumgusa. Lakini watu wanasema, na hakimu anasikiliza ya watu. Anamfukuza mkewe usiku, mja mzito, na mtoto anazaliwa njiani.

Mtoto huyo ni Raj. Anakulia mtaa wa mafukara, anaiba mkate kwa ajili ya mama mwenye njaa, anafungwa, na anakuwa mwizi chini ya mkono wa Jagga mwenyewe. Yaani mtoto wa hakimu, mwenye nasaba safi kabisa kwa mizani ya baba yake, amekuwa mwizi, kwa sababu aliyemlea ni mtaa na njaa. Naye msichana anayempenda, Rita, ni wakili, na mlezi wake ni huyo huyo hakimu. Mwisho wa yote ni mahakamani: Raj kizimbani kwa kosa la kutaka kumuua Raghunath, na Rita anasimama kumtetea mbele ya mlezi wake, akimhoji mpaka ukweli wa mtoto huyu ni wa nani unatoka hadharani.

Jambo la kuongeza: aliyeigiza hakimu, Prithviraj Kapoor, ni baba mzazi wa Raj Kapoor. Watazamaji walipomwona baba na mwana wakitazamana kizimbani, hawakuwa wakitazama uigizaji peke yake.

Sasa iweke picha hiyo Unguja ya miaka ile. Mji ambao swali la mwanzo anapokuja mposaji halikuwa "Anafanya kazi gani?" bali "Ni mtoto wa nani?" Watu walijulikana kwa ukoo, kabila, rangi, mtaa, na kama babu alikuwa bwana au mtumwa. Wahenga walikuwa wamekwisha kukata shauri: mtoto wa nyoka ni nyoka. Na mwaka 1957 ukaja uchaguzi wa kwanza, zikaanza zile siku ambazo wazee wanaziita zama za siasa, na maswali ya nani ni nani yakahama kutoka baraza za nyumba yakaingia katika mikutano ya hadhara. Humo ndimo *Awara* ilipokuwa ikionyeshwa: picha inayosema kwa saa tatu, kwa nyimbo na kwa machozi, kwamba methali ile ni ya uongo.

Hatusemi kwamba sinema iliubadilisha mji. Yaliyofuata yanajulikana, na hayakuzuiwa na wimbo. Tunalosema ni dogo kuliko hilo, nalo tunaliamini: sinema iliwapa watu mahali pa kulizungumza jambo ambalo nyumbani halikuzungumzika. Msichana wa miaka 18 hakuweza kumwambia baba yake, "Huyu mliyemkataa kwa ajili ya babu yake ni mtu mwema." Angeonekana hana adabu. Lakini aliweza kusema, akiwa anasuka ukili na mama yake, "Yule hakimu alimdhulumu mkewe." Mama akajibu, "Watu walimsemea vibaya." Mtoto akasema, "Na yeye kwa nini akawasikiliza?" Mazungumzo ya namna hiyo, ya kumsema mtu wa kwenye picha ili usikike na mtu wa nyumbani, sisi Waswahili tunayajua vizuri. Ndiyo kazi ile ile ya kanga.

Rita na wasichana wa skuli

Tumtazame Rita pia. Mwaka 1951, mwanamke amevaa joho la uwakili, anasimama mahakamani na kumhoji mwanamme aliyemlea. Skuli ya serikali ya wasichana Unguja ilifunguliwa mwaka 1927, na wazazi wengi wakati huo walisita kuwapeleka watoto wao. Kufikia miaka ya 50 kulikuwa na kizazi cha wasichana waliosoma, baadhi yao wakiwa walimu. Kwao Rita alikuwa jambo geni na jambo linalowezekana, vyote viwili.

Na angalieni anachofanya. Hatoroki na mpenzi wake usiku. Hamtukani mlezi wake. Anakwenda mahali penye sheria, anatoa hoja mbele ya watu, na Raj anapohukumiwa miaka mitatu, anaahidi kumngojea. Wale waliosema, na walikuwepo wengi, kwamba picha za Kihindi zinawafundisha watoto uasi, tunadhani hawakuitazama hii mpaka mwisho.

Kwa haki, hofu ya wazee hao haikuwa ya bure. Picha nyengine zilikuwa mapenzi matupu, na kijana aliyezishiba aliweza kufikiri kwamba ndoa ni wimbo mmoja mrefu bustanini. Ndoa iliyopangwa na wazazi iliwapa vijana wengi nyumba zilizodumu, na wako bibi na babu zetu wa kulishuhudia hilo. Mapenzi ya sinema hayamwambii mtu nani atalipa kodi.

Tena picha hizo hazikusema jambo moja. *Mother India* ya Mehboob Khan ilitoka mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikashindania tuzo ya Oscar. Nargis yule yule aliyekuwa Rita sasa ni Radha, mwanamke wa shamba aliyeachwa na mume, anayelea watoto huku akinyonywa na mkopeshaji. Mwanawe mpenzi, Birju, anakuwa jambazi na kumteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi yake. Mama anachukua bunduki na kumpiga risasi mwanawe mwenyewe, kwa sababu heshima ya msichana wa kijiji ni heshima ya kijiji kizima, hata akiwa binti wa adui. Hapo damu imewekwa chini na heshima imewekwa juu. Mzazi aliyeogopa *Awara* angeweza kumpeleka binti yake *Mother India* kwa moyo mkunjufu, na wote wawili wangerudi macho mekundu. Muongo mmoja, mwigizaji mmoja, na hoja mbili zinazovutana. Ndiyo maana picha hizi zilizungumzwa wiki nzima.

Kutoka ukumbini hadi kwenye taarab

Nyimbo zilitoka ukumbini kabla ya watazamaji. Mombasa hasa, waimbaji walichukua mahadhi ya picha za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Aliyesifika zaidi kwa hilo ni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ambaye mashairi yake mengi aliandikiwa na malenga Ahmad Nassir Juma Bhalo. Wapo waliolalamika kwamba kuazima mahadhi ni kukosa ubunifu. Sisi tunaona jambo la kuvutia: sauti ni ya Bombay, lakini shairi lina vina na mizani ya pwani, na mafumbo yake Mhindi hawezi kuyafumbua. Kilichoazimwa ni chombo. Kilichopakiwa ndani ni cha wenyewe.

Sanduku lililovuka bahari

Baada ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika: Mombasa, Dar es Salaam, Dubai, Kairo, Uingereza. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani walio nje warudi kuijenga nchi, wengi wakaja hapa. Walikuja na vyeti, na Kiswahili, na mapishi, na hayo mahadhi. Waliikuta Maskati ambayo nayo ina uhusiano wake wa karne nyingi na Bara Hindi, kwa hivyo picha za Kihindi hazikuwa ngeni hapa. Star Cinema ya Ruwi ilizionyesha, kisha kaseti za video zikaingia majumbani. Aliyezaliwa Unguja na aliyezaliwa Suri waliweza kukaa chumba kimoja, kila mmoja na lahaja yake, wakilia mahali pamoja pa picha moja.

Kule walikotoka, kumbi zimekwisha. Jengo la Empire pale Darajani limegeuzwa duka. Majestic imechakaa, ingawa wapo wanaopigania irudi. Tangu mwaka 1998 Unguja ina tamasha lake la filamu, ZIFF, ambalo limefanya Ngome Kongwe ukumbi kwa siku chache za mwaka. Hilo ni jema, lakini siku chache hazilipi Jumapili za mwaka mzima.

Hapa kwetu kinachokwisha ni kitu chengine: ni wale waliokuwa wamekaa vitini. Aliyeitazama *Awara* akiwa na miaka 15 katikati ya miaka ya 50, sasa amevuka 80. Picha yenyewe haitapotea; imo kwenye simu zetu, unaweza kuitazama usiku huu huu. Kitakachopotea ni kile walichokisema walipotoka nje. Nani alikataa posa baada ya picha ile? Nani aliikubali? Nani alinunua tiketi ya kulanguliwa kwa pesa ya sukari ya nyumbani? Nani alimfafanulia nani? Hayo hayakuandikwa popote isipokuwa pale ambapo mtu alikaa na kuuliza, na yamehifadhiwa kwa Kiswahili. Mjukuu asiyekijua Kiswahili hawezi hata kuyauliza, na kila mmoja wetu anao ndugu na binamu ambao tayari wamefika hapo: wanaelewa "njoo ule", na baada ya hapo mazungumzo yanahamia Kiarabu.

Swali la hakimu Raghunath nalo halijazeeka. Tunakaribia kumaliza masomo, na baadhi yetu wameanza kusikia nyumbani maneno ya posa. "Ni watu wa wapi? Mtoto wa nani? Kwao ni nani?" Si maswali mabaya. Wazazi wana haki ya kuuliza, na dini yetu imetuambia tutazame dini na tabia ya mtu. Lakini tofauti ipo baina ya kuuliza ili umjue mtu na kuuliza ili uwe umekwisha kumhukumu. Bibi zetu waliijua tofauti hiyo, na wengine waliilipia. Huenda wakawa ndio wakili bora wa kijana anayetaka kusikilizwa nyumbani, kama tutawaendea kwa adabu.

Kwa hivyo tuna ombi. Ijumaa hii, ukenda kumsalimia bibi au babu, muulize mambo matatu: picha gani ya Kihindi aliipenda kuliko zote, aliitazama ukumbi gani na nani, na walibishana nini waliporudi nyumbani. Usimkatize, na usimsahihishe jina la mwigizaji. Mwombe ruhusa uandike au urekodi kwa simu, kwa Kiswahili chake kama anavyokisema, kiwe cha Mjini, cha Makunduchi au cha Pemba. Akikataa jina lake lisitajwe, tutaliheshimu hilo. Andiko moja la ukurasa mmoja linatosha. Tuletee kabla ya mitihani.

Tutakayoyapata tutayasoma klabuni jioni moja, na baada ya hapo tutaitazama *Awara* pamoja mpaka mwisho. Atakayeweza kumleta bibi yake, kiti cha mbele ni chake. Tafadhalini, akianza kuimba, msimcheke. Mwombeni awafafanulie.